Uainishaji wa Injini za Magari Madogo ya Kolwezi, Pamoja na Nadharia ya Jicho la Kushoto

Wanazuoni wa magari mjini Kolwezi, nchini Kongo, na hapa kila aliyewahi kusukuma gari lililozimika mvuani anahesabiwa kuwa mwanazuoni, wamegawanyika katika madhehebu mawili. La kwanza linafundisha kwamba mtu anayetoka mtaa wa Manika asubuhi kwenda kazini mtaa wa Dilala na kurudi jioni atosheke na Toyota Vitz ya injini ya lita moja, amshukuru Mungu, na pesa itakayobaki alipe karo ya watoto. La pili linafundisha kwamba karo haiishi hata ukiilipa, na kwa hiyo ni afadhali kuongeza dola kadhaa ukachukua Vitz ya RS, ile ya lita moja na nusu, yenye herufi mbili nyuma zinazowaambia wengine kuwa wewe si mtu wa kupitwa. Mjadala huendeshwa garajini, kwa sauti kubwa, mara nyingi mwenye gari akiwa hayupo. Makala haya yanakusudia kuumaliza kwa njia ya kitaalamu: kuainisha, kupima, na kisha kuonyesha kuwa madhehebu yote mawili yamekuwa yakigombania kiti kisicho chenyewe.

Tuanze na nasaba. Vitz ilizinduliwa Japani Januari 1999. Ulaya ikabatizwa jina la Yaris, na ndiyo maana mjomba aliyeko Brussels hukataa katakata kwamba gari lake na lako ni ndugu. Kizazi cha kwanza kilikuwa na matumbo matatu makuu, yaani injini tatu. La kwanza ni 1SZ-FE, sentimita za ujazo 998, farasi 70. Huyu tutamwita Mnyenyekevu. La pili ni 2NZ-FE, sentimita 1,298, farasi 87 hivi. Huyu ni Mstahimilivu. La tatu ni 1NZ-FE, sentimita 1,496, farasi 110 hivi, na ndilo lililowekwa katika RS. Huyu hahitaji kubatizwa, kwa kuwa amejibatiza mwenyewe, lakini kwa utaratibu wa kitabu tutamwita Mwenye Majivuno. Mwaka 2005 kilikuja kizazi cha pili, Mnyenyekevu akapunguziwa silinda moja, zikabaki tatu, akaitwa 1KR-FE na kuongezewa farasi mmoja kama pole. Tangu hapo hutetemeka kidogo akiwa amesimama. Wafuasi wa dhehebu la pili hudai kwamba anaogopa.

Kwa macho, Mnyenyekevu hutambulika kwa magurudumu membamba na kwa dereva aliyekaa wima. Mwenye Majivuno hutambulika kwa sketi ya plastiki chini ya bampa, ambayo baada ya msimu mmoja wa mvua hubaki upande mmoja tu, na kwa bomba la moshi lililobadilishwa ili sauti ifike kabla ya gari. Lakini ipo spishi ya nne inayowapotosha watafiti wachanga, nayo ni Mnyenyekevu Aliyevishwa: lita moja kamili, aliyenunuliwa bila herufi akabandikiwa zake hapa hapa mjini. Spishi hii huzaliana haraka kuliko nyingine zote. Dawa yake ni kufungua boneti na kusoma bamba la kiwanda. Likisema SCP10 au KSP90, ni lita moja, hata kama ubavuni pameandikwa jina la mashindano ya magari. Likisema NCP13 au NCP91, hapo kweli umekutana na mwenyewe. Mtafiti asiyefungua boneti anatunga mashairi.

Sasa niseme jambo litakalowaudhi wengi wa dhehebu la pili, na baadhi yao ni majirani zangu. Injini hii ya 1NZ-FE, inayoitwa ya michezo ikiwa ndani ya RS, Toyota waliiweka pia ndani ya Probox mwaka 2002. Probox! Gari la kubebea magunia ya makaa na ndoo za nyanya, lenye sura ya sanduku la maiti lenye madirisha. Waliiweka ndani ya ist ya lita moja na nusu, ambayo nusu ya watu wa mji huu wamewahi kuipanda kama teksi wakiwa wamekaliana. Waliiweka ndani ya Platz, ndani ya Funcargo, na ndugu yake wa tumbo moja akapelekwa kuishi na betri ndani ya Prius. Fundi anayejua kazi yake haulizi gari lako ni la michezo au la mizigo. Pampu ya maji ikifa anakutuma ukatafute ya Probox, na wewe unakwenda, na ukirudi hakuna mtu unayemwambia ulikwenda kutafuta nini. Kwa hiyo, kwa kigezo cha injini peke yake, daraja la Mwenye Majivuno linafutika. Kinachobaki ni springi ngumu zaidi, gia ya mkono kwa waliobahatika, na herufi.

Wa dhehebu la kwanza wasishangilie bado. Kuna suala la hewa.

Kolwezi iko karibu mita 1,450 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi: mgandamizo wake ni kama asilimia 85 ya ule wa pwani. Injini isiyo na turbo inakula hewa inayoikuta. Ikipewa pungufu, inachoma petroli pungufu na kutoa nguvu pungufu, kwa kiasi kile kile. Sasa fuatilia safari ya RS moja. Inateremshwa melini bandarini Dar es Salaam ikiwa na farasi wake 110. Inapanda Kitonga, inapita Mbeya, inavuka Tunduma na Nakonde, inaikata Zambia, inavuka mpaka wa Kasumbalesa, inapita Lubumbashi na Likasi, na siku inapoegeshwa Kolwezi ina farasi 93 au 94. Farasi zaidi ya kumi na sita wametoweka njiani, na hakuna afisa forodha hata mmoja aliyewaona wala kuwatoza ushuru, jambo ambalo kwa njia ile ni la ajabu kuliko kutoweka kwenyewe. Mstahimilivu naye hufika akiwa na 74, maana yake ni kwamba aliyenunua lita 1.3 na kuileta huku amepata, kwa vitendo, lita moja ya Dar es Salaam. Mnyenyekevu hufika na chini kidogo ya 60. Halafu anapakiwa watu wanne nyuma na wawili mbele, pamoja na kuku.

Hapa ndipo Mnyenyekevu hushtakiwa, na mashtaka ni ya kweli. Lakini ukimtazama akiwa mjini, kesi inakosa mashahidi. Kutoka Manika kwenda Dilala ni mwendo wa pikipiki zinazokatisha bila taarifa, wanafunzi wanaovuka, malori yanayogeuza, na dodani, yale matuta ambayo kila mtaa hujijengea kwa ukubwa wa hasira yake. Hakuna mahali ambapo farasi wa sitini atapata ajira, sembuse wa tisini na tatu. Na dodani zina hukumu yao pia. Tairi la kawaida la Mnyenyekevu wa kwanza ni 155/80 la inchi 13: ukipiga hesabu, unene wa mpira kutoka rimu hadi barabarani ni milimita 124. Tairi la RS ya kizazi cha pili ni 195/50 la inchi 16, sawa na milimita 97 na nusu. Yaani mwenye RS amelipa zaidi ili awekewe mpira pungufu kwa zaidi ya sentimita mbili na nusu kati ya chuma chake na mashimo ya njia ya Kapata. Nimewaona wakivuka tuta kwa mshazari, gurudumu moja moja, kwa uangalifu wa mtu anayeingia kwenye maji baridi, huku nyuma yao Vitz ya lita moja ikipiga honi.

Kama maisha yote yangekuwa kati ya Manika na Dilala, makala yangeishia hapa na ushindi ungekuwa wa dhehebu la kwanza. Lakini kuna Likasi. Kuna arusi Likasi, misiba Likasi, shangazi Likasi, na mbele ya Likasi kuna Lubumbashi yenye ofisi zote ambazo hazikuhamia kwetu Lualaba ilipokuwa mkoa mwaka 2015. Kwa hiyo kuna barabara kuu.

Barabara hii ina urefu wa kilomita 300 hivi kutoka Kolwezi hadi Lubumbashi, kupitia Fungurume, na kwa sehemu kubwa ina njia moja ya kwenda na moja ya kurudi. Juu yake, mchana na usiku, yanapita malori ya migodi. Yanayoshuka kuelekea Kasumbalesa yamebeba kathodi za shaba na magunia ya haidroksidi ya kobalti. Yanayopanda yameleta asidi ya salfuriki, chokaa na dawa nyingine za migodini. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima hutoka nchi hii, na kwa jinsi ninavyoona, sehemu kubwa yake huwa mbele yangu siku ninayochelewa. Inakwenda kutengenezea betri za magari yasiyovuta hewa kabisa, ambayo yangefika hapa juu bila kupoteza hata farasi mmoja. Mimi niko nyuma yake na petroli ya kadafi, muuza mafuta wa kando ya barabara, niliyouziwa kwa chupa.

Hapo ndipo swali la injini linapokuwa swali kweli. Chukua lori la trela la mita 20, linalokwenda kilomita 60 kwa saa. Acha mita 20 nyuma yake na 20 mbele yake, ongeza mita nne za gari lako: una tofauti ya mita 64 ya kufuta. Mnyenyekevu aliyejaa watu, akijitahidi mpaka kilomita 80, anatumia sekunde kumi na moja na nusu na kula mita 256 za barabara. Wakati huo huo mwingine anakuja kutoka Fungurume kwa mwendo huo huo wa 80, naye amekula 256 zake. Kwa hiyo lazima uone zaidi ya nusu kilomita ya lami tupu mbele yako. Mwenye lita moja na nusu, akifika mia, anamaliza kazi kwa chini ya sekunde sita, na nafasi anayoihitaji ni kama mita 290. Hesabu hizi nimezirahisisha, kwa kuwa kasi haipatikani kwa kukanyaga tu, lakini zinaelekea upande mmoja. Dhehebu la pili sasa limesimama na linapiga makofi.

Likae. Kwa nini nimesema «lazima uone»?

Wabelgiji walituachia desturi ya kupita kulia. Waingereza waliwaachia Zambia na Tanganyika desturi ya kupita kushoto, na Wajapani nao wanapita kushoto bila kuachiwa na mtu. Magari yetu yanatoka Japani, kwa hiyo usukani uko kulia, na yanakuja kwa miguu yake kupita nchi mbili za kushoto hadi Kasumbalesa, ambapo kwa mita chache kila dereva anageuka mtu mwingine. Kuanzia hapo anaendesha upande wa kulia wa barabara akiwa amekaa upande wa kulia wa gari. Yaani amekaa pembezoni, karibu na majani. Mjini hilo ni faraja, kwani unaweza kununua karanga bila kunyoosha mkono. Nyuma ya lori ni balaa. Ili jicho la dereva lifike mahali pa kuchungulia ubavu wa kushoto wa trela, sharti kwanza atoe nje sehemu kubwa ya gari lake. Vitz ya kwanza ina upana wa mita 1.66, na dereva amekaa kwenye robo ya mwisho. Atakapoanza kuona kinachokuja, kinachokuja kitakuwa kimeshaliona gari lake muda mrefu, pamoja na mtu aliyekaa kushoto.

Mtu huyo aliyekaa kushoto ndiye mada halisi ya makala haya. Yeye huona kabla ya dereva. Yeye ndiye husema «Ngojea! Inakuya!» au «Pita!», na dereva, mwenye farasi wake 93, hutii. Napendekeza basi kanuni ifuatayo: nguvu ya kupita ni sawa na farasi wa injini mara uaminifu wa jicho la kushoto. Kwa kuwa ni kuzidisha na si kujumlisha, abiria wa mbele akiwa amelala jibu ni sifuri, na sifuri mara 110 ni sifuri hata kwa petroli nzuri.

Inatubidi kwa hiyo tuache kuainisha injini na tuainishe abiria.

Wa kwanza ni Mama Mkwe. Huyu haoni barabara, anaona hatari. Kwake gari lililo Fungurume liko hapa, na mbuzi aliyefungwa kambani anakuja. Neno lake ni moja, «Ngojea», na hulisema kabla hujauliza. Ukisafiri naye, RS na lita moja hufika Likasi saa ile ile, nyuma ya lori lile lile, na mtu aliyenunua RS kwa ajili ya safari za ukweni amefanya hasara inayoweza kuthibitishwa kwa hesabu. Lazima nikiri hata hivyo kwamba wakwe wa aina hii hufika wote.

Wa pili ni Kijana. «Pita, patro, pita!» Uaminifu wake unazidi moja, jambo ambalo kanuni hairuhusu. Huona nafasi pasipo na nafasi, kwa sababu macho yake yametangulia yamefika. Huyu akipandishwa ndani ya RS ni hatari. Akipandishwa ndani ya Mnyenyekevu ni hatari inayokwenda polepole, ambayo ni mbaya zaidi, kama sekunde zile kumi na moja zinavyoonyesha.

Msinzizi tumeshampa sifuri yake. Mwenye Simu yuko karibu naye, ila yeye anadanganya bila kukusudia: huinua macho, hutazama, hurudi kwenye ujumbe wake, kisha husema «njia safi» akieleza barabara aliyoiona sekunde nne zilizopita. Kwa mwendo wa kilomita 80, hizo ni karibu mita tisini za habari za zamani. Mchungaji ni wa aina yake. Gari linapoanza kutoka ubavuni mwa lori yeye hufumba macho aombe, yaani chombo pekee cha kuonea kinafungwa dakika ile ile kinapohitajika. Sidharau maombi. Naomba tu yafanywe na waliokaa nyuma.

Aliye adimu, na ambaye watafiti wengi hustaafu bila kumpata, ni Mstaafu wa Reli. Nimekaa nyuma ya mmoja. Hatoi ushauri kabisa; anatoa taarifa. «Lori moja, mbali. Nyuma yake basi. Halafu tupu.» Kimya. Dereva anaamua mwenyewe. Ukimweka mtu wa namna hii kushoto, Mnyenyekevu wa farasi 59 anawazidi RS wote wa mji, kwa kuwa hana haja ya haraka. Anajua nafasi inakuja baada ya basi na ameshaanza kukusanya mwendo.

Wenye kubisha watasema Toyota hawakuwazia haya. Sina hakika kuhusu walichowazia, lakini tazama dashibodi. Katika Vitz ya kizazi cha kwanza na cha pili, na katika ist ya kwanza, saa ya kasi haipo mbele ya usukani. Ipo katikati, chini ya kioo, mahali ambapo hata mtu wa kushoto anaweza kuisoma. Kiti cha kushoto kina macho na kina vipimo. Kinachokosekana ni mshahara. Sauti nyingine ndani ya gari ni ya yule mwanamke wa Kijapani anayesema jambo kila ukiwasha. Huwa analalamikia kadi ya ushuru wa barabara za kwao ambayo haijachomekwa. Ni abiria pekee ambaye hajawahi kumdanganya dereva, maana dereva hajui anasema nini.

Kuna pingamizi moja la maana. Kwa nini mtu asinunue tu Yaris ya Ulaya, usukani kushoto, akaona mwenyewe? Anunue, kama anayo. Ni gari la bei kubwa zaidi, na kwa wengi tofauti ile ile ya dola ndiyo ingewatoa kwenye lita moja kuwapeleka kwenye lita moja na nusu. Zaidi ya hapo, nimewachunguza wenye Yaris. Kwa kuwa wanaona wenyewe, hawaulizi mtu, na abiria wao wa mbele hugeuka mzigo unaokula karanga. Sina takwimu, nina mashaka tu, na mashaka yangu yanasema kwamba dereva anayelazimika kuuliza hupita mara chache kuliko anayejiona.

Kwa anayeuliza anunue nini, jibu langu ni hili. Asiyetoka mjini achukue lita moja yenye matairi manene, asibandike chochote. Anayekwenda Likasi kila mwezi achukue 1NZ-FE, lakini ndani ya ist au Probox, aiache RS kwa wanaopenda kuvuka dodani kwa mshazari. Halafu, kabla ya kulipia gari, atafute wa kukaa naye kushoto, kwa kuwa magari yapo mengi na mengine yanakuja Kasumbalesa wiki hii.

Madereva wa teksi za Likasi wameielewa nadharia hii kabla yangu, bila kanuni. Pale kituoni hawapangi abiria kwa waliotangulia kufika. Dereva huwatazama, huwapima, humwondoa kijana kwenye kiti cha mbele, humrudisha nyuma mwenye simu, kisha humwita mtu mmoja kwa heshima aje akae. Siku niliyokuwapo, aliyeitwa alikuwa mama mmoja wa Fungurume, mwenye kapu la samaki wakavu na macho ya kuhesabu. «Mama, kuya mbele, weye unaona muzuri.» Mama akainuka, akajifunga kitenge vizuri, na kabla ya kuweka mguu ndani akauliza kama kwa kazi hiyo nauli inapunguzwa ngapi.